Kukandamiza Tipu ya Fimbo ya Pool: Mwongozo wa Mchezaji Anayetaka Ngozi Isiyomsaliti

Fimbo ya pool hugusana na mpira mweupe kwa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha mpira umeshaondoka. Katika muda huo kitu pekee kinachougusa ni kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 13 hivi, kilichogundishwa kwenye ncha ya fimbo, yaani tipu. Hata hivyo wachezaji wengi hununua fimbo ya bei mbaya, yenye nakshi na mkoba wake, halafu tipu wakamwachia fundi aibandike vyovyote atakavyo. Fimbo ya kawaida yenye tipu iliyoandaliwa vizuri itakutumikia kuliko fimbo ya kifahari yenye ngozi iliyobonyea upande mmoja.

Mwongozo huu ni wa mchezaji anayetaka kuandaa tipu yake mwenyewe: kuchukua ngozi laini ya bei nafuu, kuikandamiza hadi ishikane, kuikausha bila pupa na kuibandika. Kazi yote huchukua wiki moja au zaidi kidogo, lakini sehemu kubwa ya wiki hiyo ni kusubiri.

Kwa nini ikandamizwe

Zamani fimbo za biliadi zilikuwa na ncha ya mbao tupu, na mbao huteleza juu ya mpira. Mfaransa François Mingaud ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa tipu ya ngozi, mnamo mwaka 1807. Mwaka 1827 alichapisha kitabu cha mapigo yaliyowezekana kutokana na kipande hicho kidogo. Ngozi ilishika mpira, na mchezaji akaweza kuupiga chini ukarudi nyuma, au kuupiga pembeni ukapinda baada ya kugonga ukingo.

Lakini ngozi ina tabia zake. Ni msuko wa nyuzinyuzi za kolajeni, na katikati ya nyuzi hizo kuna nafasi. Tipu laini iliyotoka dukani bado ina nafasi nyingi. Ukianza kuichezea, kila pigo huzifinya kidogo: tipu inashuka kimo, inatanuka pembeni kama uyoga, na umbo la mviringo ulilolichonga leo, kesho limekuwa bapa. Baya zaidi ni kwamba haishuki sawasawa. Sehemu zinazopigiwa mara nyingi huwa ngumu, nyingine hubaki laini, na mapigo mawili uliyoyapiga kwa namna moja yanakupa majibu mawili. Ukiikandamiza kabla ya kuibandika, unaimaliza kazi hiyo kwa mkupuo mmoja, uso mzima, chini ya chuma kilichonyooka.

Hapa pana jambo la kuliweka wazi mapema, kwa sababu wengi hulikosea. Shabaha ya kukandamiza ni usawa wa ngozi. Ugumu ni kitu kinachokuja pamoja nao, na ukizidi ni hasara: uso unakuwa kama kioo, chaki haishiki, na fimbo inateleza wakati wa pigo muhimu.

Ipo pia imani kwamba tipu laini huzungusha mpira zaidi. David Alciatore, profesa mstaafu wa uhandisi mitambo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, ameshughulikia suala hili kwa miaka mingi kwa kutumia kamera za kasi. Alichokionyesha ni kwamba mzunguko wa mpira hutegemea zaidi umbali kati ya kitovu cha mpira na mahali ulipopiga. Ukivuka takribani nusu ya nusu-kipenyo, yaani milimita 14 hivi kutoka katikati kwa mpira wa milimita 57, fimbo huteleza, iwe tipu yako ni laini au ngumu. Kinachokuwezesha kuukaribia mpaka huo kwa usalama ni chaki iliyoenea vizuri na umbo sahihi la tipu.

Ngozi ipi ifanyiwe kazi hii

Inayofaa zaidi ni tipu ya kipande kimoja, laini, ambayo haijakandamizwa sana kiwandani. Maarufu kuliko zote ni Elk Master ya rangi ya buluu, inayouzwa na kampuni ya Tweeten ya Chicago. Wachezaji wa snuka wa Uingereza wameitumia kwa miongo mingi, na wapo wanaonunua boksi zima ili wachague tipu chache tu. Wachezaji wa pool wa Marekani nao huiloweka kwenye maziwa, wakaibana na kuikausha. Tipu inayotokana na kazi hiyo wanaiita Milk Dud, jina walilolichukua kwa peremende ya chokoleti.

Usiloweke kamwe tipu za matabaka, kama Kamui na Moori za Japani. Hizo zimejengwa kwa ngozi nyembamba za nguruwe zilizogundishwa moja juu ya nyingine na tayari zimeshabanwa na watengenezaji. Ukizilowesha, matabaka yataachana.

Huwezi kupata tipu za dukani? Fundi viatu anaweza kukukatia vipande kutoka kwenye ngozi nene ya soli. Mwombe akate sehemu ya mgongo wa ng'ombe, ambako nyuzi zimesongamana. Ngozi ya tumbo ni legelege, na hata ukiibana vipi itatanuka tena. Ngozi ya soli mara nyingi ni ngumu tayari, hivyo ibane ikiwa kavu tu, bila maziwa.

Kuhusu ukubwa, pima ncha ya fimbo yako kwa rula, kisha chagua tipu iliyozidi kwa nusu milimita hadi milimita moja. Ziada hiyo utaikata mwishoni. Tipu iliyo ndogo kuliko ncha haina tiba.

KISANDUKU: Vitu vya kuwa navyo

- Tipu tano au zaidi za aina moja, ili upate nafasi ya kuchagua
- Maziwa halisi ya ng'ombe yasiyotiwa sukari, glasi na kifuniko
- Jiliwa la fundi, au klampu imara ya seremala
- Mabapa matatu ya aluminiamu: mawili mazito ya juu na chini, na moja la katikati lenye matundu
- Wembe mpya wa kukatia, ubao laini, msasa namba 120, 220 na 600
- Supaglu nzito ya jeli, isiyo majimaji
- Kipande cha kioo au kigae kilichonyooka

Hilo bapa la katikati ndilo siri ya kazi yote. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu huwa na mabaki ya kutosha. Mwombe mmoja akutobolee matundu yanayoizidi tipu kwa nusu milimita. Tundu huizuia ngozi isikimbilie pembeni, kwa hiyo nguvu yote ya jiliwa inaishia kuisongamanisha. Vilevile unene wa bapa ndio kikomo chako: mabapa ya juu na chini yakigusana na la katikati, ngozi haiwezi kushuka zaidi. Chagua bapa lenye unene wa theluthi mbili ya kimo cha tipu. Kwa tipu ya milimita 6, bapa la milimita 4 linatosha. Chuma cha kawaida kiepuke. Kikikutana na ngozi iliyoloa hushika kutu na kuacha madoa meusi.

Kwa nini maziwa

Maji peke yake hulainisha nyuzi ili ziteleze na kujipanga upya zikibanwa. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa karibu asilimia 87. Yanayobaki ni mafuta, sukari na protini, nyingi yake ikiwa kaseini. Kaseini ni gundi ya tangu enzi. Maseremala waliitumia kuunganisha mbao, na viwanda vya ngozi huitumia kung'arishia uso wa ngozi. Maji yakikauka, vitu hivyo hubaki ndani ya ngozi, na tipu inakuwa ngumu kiasi bila kupoteza mshiko.

Maziwa mgando, mtindi au mala hayafai hata kidogo. Kaseini yake imeshagandana kuwa mabonge yasiyoweza kupenya. Maziwa yaliyochemshwa nyumbani yanafaa, mradi yapoe kabisa na utando wa juu uondolewe. Ya pakiti ya muda mrefu pia ni sawa.

Hatua za kukandamiza

1. Chagua kwa sikio. Dondosha kila tipu kutoka kimo kilekile juu ya kigae. Ngozi iliyoshikana hulia kwa sauti kali na fupi. Iliyo legelege hutoa sauti nzito iliyokufa. Weka pamoja zinazolingana. Tupa yenye ufa ubavuni au yenye unene usio sawa.

2. Ziwekee alama. Andika namba kwa kalamu upande wa chini, ule utakaogundishwa, na uandike mahali kimo cha kila moja.

3. Loweka. Tia tipu ndani ya glasi, mimina maziwa baridi hadi yazifunike, kandamizia na kijiko zisielee. Funika uweke kwenye friji kwa saa 8 hadi 24. Kama huna friji, usizidishe usiku mmoja, na maziwa yakianza kunuka uchachu yamwage.

4. Toa na ufute. Futa kwa kitambaa safi. Usizikamue kwa vidole, kwa maana utazipinda.

5. Bana polepole. Panga tipu kwenye matundu, funika na bapa la juu, uweke kwenye jiliwa tipu zikiwa katikati ya meno yake. Kaza mpaka mkono uhisi ukinzani, kisha simama. Utaona matone ya maziwa yakichuruzika ubavuni mwa mabapa; yafute, subiri dakika kumi, kaza robo mzunguko, subiri tena. Endelea hivyo hadi mabapa yagusane. Ukikaza kwa mkupuo, maji hayapati njia ya kutoka na ngozi inapasuka kwa ndani, ufa ambao utauona baada ya wiki ya kucheza.

6. Ziache saa 24. Usiguse jiliwa.

7. Kausha kivulini. Toa tipu uziweke juu ya waya wa chujio mahali penye upepo, uzigeuze asubuhi na jioni. Usiku wa kwanza na wa pili zirudishe kati ya mabapa na kuzibana kidogo tu zisijikunje. Siku nne zinaweza kutosha mahali pakavu kama Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu mwingi, hesabu wiki nzima au zaidi.

8. Jaribu kwa shavu. Gusisha tipu kwenye shavu au mdomo wa juu. Ikiwa baridi kuliko vitu vilivyo karibu nayo, bado ina maji. Usiibandike.

Kama hutaki maziwa, ruka hatua ya tatu na ya nne, ubane tipu zikiwa kavu kwa siku mbili. Matokeo yake ni ya wastani: tipu itapanda ugumu kidogo na itatanuka kidogo ikichezewa. Kwa anayependa mguso laini, njia hiyo kavu ndiyo bora, na ndiyo ya kuanza nayo kama hujawahi kufanya kazi hii.

ONYO: Moto ni adui

Wenye haraka huanika tipu juani, huziweka karibu na jiko, au huchemsha maziwa wakiamini yatapenya upesi. Ngozi iliyoloa ikipata joto kali husinyaa, nyuzi zake hushikana moja kwa moja, na hakuna kitakachoirudisha. Inakuwa ngumu kweli, lakini ni ugumu wa kuvunjika: ukiichonga inatoka vumbi badala ya unyuzi, na ukiipiga kwa nguvu inabanduka kipande. Gari lililofungwa juani nalo ni jiko. Usiache fimbo humo.

Kubandika

Tipu iliyoandaliwa wiki nzima inaweza kuharibiwa kwa dakika tano za kubandika vibaya, na sehemu inayoharibika mara nyingi ni mguso kati ya ngozi na kikofia cheupe kilicho mwisho wa mbao. Nyuso hizo mbili lazima zikutane bila mwanya.

1. Kata tipu ya zamani kwa wembe, ukielekeza makali mbali na mkono ulioshika fimbo. Kwangua gundi iliyobaki hadi kikofia kionekane cheupe.
2. Weka msasa namba 120 juu ya kioo na usugue sehemu ya chini ya tipu kwa mizunguko midogo mpaka alama ya kalamu ifutike yote. Ikifutika upande mmoja tu, bado haijanyooka.
3. Egemeza tipu juu ya kikofia bila gundi, uitazame ukiwa umeelekeza mwanga nyuma yake. Mwanga ukipenya, rudi hatua ya pili.
4. Tia supaglu ya jeli, tone dogo, ulisambaze. Supaglu nyepesi ya majimaji hunyonywa na ngozi na kuigandisha kutoka chini kwenda juu. Ukifanya hivyo umefuta kazi ya wiki nzima.
5. Weka tipu, izungushe kidogo ikae katikati, kandamiza kwa dakika moja. Iache usiku kucha kabla ya kuikata, hata kama kifungashio kinasema sekunde kumi.
6. Geuza fimbo, tipu itazame chini juu ya ubao, ukate ziada kidogo kidogo kwa wembe, ukishuka kutoka kwenye kikofia kuelekea ubaoni. Zungushia kikofia utepe wa karatasi kwanza ili usikikwangue.
7. Maliza ubavu kwa msasa 220, kisha 600. Lowesha ubavu kwa kidole chenye maji kidogo na uusugue kwa kipande cha ngozi au karatasi ngumu hadi ung'ae. Ubavu uliong'arishwa namna hii hutanuka polepole zaidi.

Supaglu na pamba havipatani. Gundi hiyo ikikutana na pamba hutoa joto kali linaloweza kuunguza ngozi ya mkono, kwa hiyo usifute iliyomwagika kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Vidole vikigandana, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha italegeza. Na unaposugua tipu za buluu, vaa barakoa. Vumbi lake si la kuvutwa puani.

Umbo

Juu ya tipu pachongwe mviringo wenye nusu-kipenyo cha milimita 10 hivi. Chora kwa bikari duara la kipimo hicho kwenye kadi ngumu, kata kipande chake, na una kigezo cha kusimamisha juu ya tipu ukiangalia kwa ubavu. Chonga kwa msasa uliokunjwa, ukizungusha fimbo kwa mkono mwingine. Ngozi iliyobanwa haichongeki upesi, na hapo ndipo watu hukimbilia sakafu ya saruji. Saruji huchana nyuzi na kuliacha umbo limeinama. Vumilia msasa.

Mwishowe gonga uso taratibu kwa tupa ndogo ili upate ukwaruzo wa kushika chaki. Wapo wanaochoma tipu kwa sindano nyingi ili ishike chaki zaidi. Tipu hii usiichome, kwa maana kila tundu ni mlango wa ufa.

Kabla ya mchezo wa kwanza, hakikisha

☐ Tipu haina mwanya wowote juu ya kikofia
☐ Ubavu wake uko sambamba na kikofia, haukuzidi wala kupungua
☐ Uso unashika chaki pande zote, hakuna doa linalong'aa
☐ Ukigonga fimbo taratibu kwenye kiganja, husikii mlio wa kitu kilicholegea

Cheza mapigo mepesi ya katikati kwa nusu saa, kisha ujaribu kupiga chini na pembeni. Usivunje mipira kwa tipu mpya siku hiyo. Ukiona fimbo inateleza, usiilaumu ngozi kabla hujatazama chaki: mara nyingi mchezaji amezungusha tu mche wa chaki juu ya tipu, katikati pakapata na kingo zikabaki tupu. Chaki ipakwe kwa kupangusa, upande baada ya upande.

Tipu ya namna hii haitanuki sana, kwa hiyo dalili ya kuibadilisha ni kimo chake. Ubavu ukibaki milimita mbili, kila pigo linaanza kufika kwenye kikofia, na kikofia kikipata ufa gharama yake ni kubwa kuliko boksi la tipu. Zile nyingine ulizobana siku ileile zihifadhi kwenye kopo kavu lenye kifuniko, pamoja na karatasi inayoonyesha namba ya kila moja, kimo chake kabla na baada, na saa ilizokaa kwenye maziwa. Itakapofika zamu ya kubandika nyingine, utajua ni ipi iliyofanana na ile uliyoizoea.